Gramafoni ya hendeli imegoma: isikilize kabla hujaifungua

Kila gramafoni inayofika mezani kwangu huja na maelezo yaleyale: "Springi ilikazwa mno, ikafa." Nimelisikia hilo kwa wazee, kwa wajukuu waliorithi, hata kwa kijana aliyeinunua juzi na hajawahi kushika hendeli. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani. Gramafoni zilinijia kwa mlango wa nyuma, maana mtaani kwetu mwenye kopo la mafuta na bisibisi ndogo huhesabiwa kuwa anajua mashine yoyote yenye gia. Katika miaka yote hiyo sijakutana na springi iliyokufa kwa kukazwa. Imetengenezwa ikazwe mpaka mwisho. Ikifika mwisho hendeli inagoma, nawe unaacha. Kinachoziua ni kukaa kabatini. Grisi ya enzi za mkoloni imegeuka gundi, mpira wa kichwa cha sauti, kile kiduara kinachoshika sindano, umekauka kama mfupa, na sindano iliyomo ndiyo ileile aliyoiacha marehemu. Grisi, mpira, sindano: zikaguliwe hizo kwanza, kwa kuwa ndizo za bei ndogo na ndizo zenye makosa.

Nazungumzia mashine ya springi, isiyo na umeme, inayopiga santuri za shelaki za mizunguko 78 kwa dakika. Nyingi ninazoletewa ni zile za sanduku la kubeba mkononi, kama HMV 102 ya kampuni ya His Master's Voice ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1931, lakini dalili ni zilezile hata kwa zile kubwa za mezani.

Jaribio la kwanza: miguu au koo?

Gramafoni ni mashine mbili zilizokaa sanduku moja. Chini kuna miguu: springi, gia na kidhibiti mwendo, kazi yao kuzungusha sahani basi. Juu kuna koo: sindano, kichwa cha sauti, mkono na pembe, na hivyo havina habari na springi. Ondoa santuri, weka mkono wa sauti kando, piga hendeli mizunguko kama kumi, achia breki, uiache sahani izunguke tupu. Inama, sogeza sikio. Mota nzima huzunguka karibu kimya, mvumo mdogo tu kama wa feni ya chumba cha pili. Ukisikia kukwaruza, kugonga, au mvumo unaopanda na kushuka, ugonjwa uko miguuni. Ikiwa imetulia, ila ukiweka wimbo inakoroma, basi usiiguse mota hata kwa kidole. Ruka mpaka kwenye habari za koo. Mota mbovu kuliko zote nilizowahi kuziona ziliharibiwa na watu waliokuwa wakitafuta kelele ya sindano.

Sahani haigeuki kabisa

Angalia breki. Najua unaona nakudharau, lakini angalia. Mzee mmoja alipanda daladala kutoka Makunduchi akiwa ameipakata yake njia nzima kama mtoto mgonjwa. Nilisogeza kijichuma kilichoegemea ukingo wa sahani, ikaanza kuzunguka. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hili libaki baina yangu na wewe." Jina lake sijalitaja, kwa hiyo ahadi iko palepale. Baadhi ya mashine zina breki inayojifunga yenyewe wimbo ukiisha, na haiachii mpaka uuvute mkono wa sauti nje, upande wa kulia, usikie "tik".

Breki iko wazi na sahani bado imekaa? Isukume kidogo kwa kidole. Ikiondoka kivivu kisha ikasimama, mafuta ya gia na ya kidhibiti mwendo yameganda. Toa sahani, kisha ufungue skrubu za ubao wa mota na uupindue taratibu. Futa gundi ya rangi ya asali iliyoganda kwenye ncha za mihimili kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, subiri ikauke, kisha weka tone moja la mafuta ya cherehani kila ncha. Tone moja. Mafuta ya kupikia na ya nazi hayafai, yanaganda upya baada ya miezi michache; na ile dawa ya kupuliza ya kulegezea kutu si mafuta, inalainisha leo na kesho inaacha chuma kikavu.

Hendeli inasema nini

Hendeli ikizunguka nyepesi, haina mwisho wala uzito, springi imekatika au imechomoka kwenye kulabu yake. Mara nyingi mwenyewe anakumbuka kusikia mshindo siku ile, kisha kimya. Ikikatika karibu na ncha, fundi anaweza kulainisha ncha hiyo kwa moto na kuitoboa tundu jipya, nayo ikafanya kazi miaka mingine. Ikikatika katikati, agiza nyingine. Springi mpya bado zinatengenezwa, huagizwa kwa vipimo vitatu, yaani upana, unene na urefu, pamoja na umbo la ncha zake. Pima kwa kalipa, usikadirie.

Hendeli ikirudi nyuma kwa nguvu pale unapoiachia, kijino cha kuizuia kimelika au kijispringi chake kimekufa. Acha hapohapo, fungua breki, iache mota ijimalize yenyewe. Waliopiga hendeli kwenye malori ya zamani wanajua chuma kinachorudi kinafanya nini kwenye kidole gumba.

Ikiwa inakaza vizuri lakini wakati wa wimbo unasikia kishindo kizito ndani ya sanduku, "du!", na sauti inayumba pale pale, hapo ndipo watu wanaposema springi inakufa. Haifi. Ndani ya kopo la springi kuna utepe wa chuma wa mita kadhaa, umejiviringisha, kila mzunguko ukitakiwa kuteleza juu ya mwenzake. Grisi ikishakuwa gundi mizunguko inashikana, inakusanya nguvu, kisha inaachiana kwa mkupuo. Dawa yake ni kulisafisha kopo na kutia grisi mpya. Zamani walichanganya grafaiti na mafuta ya mgando, na mchanganyiko huo mpaka leo unafaa.

Ila kopo hilo usilifungue wewe, kama ni mara yako ya kwanza. Hata mota ikishasimama, springi iliyomo koponi bado imebanwa kama chatu kwenye gunia. Mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilifungua kifuniko nikiwa nimekishika kwa mkono mmoja. Springi ilitoka yote, ikapiga taa ya meza, ikaniachia alama kutoka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Kwa sasa ninavaa glavu za ngozi na miwani, ninaitoa mzunguko mmoja mmoja kutoka katikati, huku kopo liko ndani ya ndoo. Na mota isiguswe kamwe kabla ya springi kuisha nguvu. Ukikitoa kidhibiti mwendo mota ikiwa imekazwa, gia zote zitafumuka kwa sekunde mbili tatu. Wenye visanduku vya muziki vya silinda, vile vya Sainte-Croix huko Uswisi, wanaiogopa ajali hii kuliko kutu: silinda inakimbia bila breki, na vijipini vyake vinavunja meno ya kitana cha chuma kinachotoa sauti, moja baada ya jingine. Gramafoni ina bahati kidogo, haina kitana. Inapoteza meno ya gia tu.

Mwendo: unakimbia, unalegea, unayumba

Gramafoni za mwanzo za Emile Berliner, aliyeivumbua, zilizungushwa kwa mkono moja kwa moja, na wimbo ukaenda kadiri ya uchovu wa mpigaji. Mwaka 1896 Eldridge Johnson, mwenye karakana ya mashine huko Camden, New Jersey, akaitengenezea mota ya springi iliyofaa kuuzwa madukani. Springi peke yake ingeanza wimbo kwa mbio na kuumaliza kwa kutambaa. Kinachoitiisha ni kidhibiti mwendo, ambacho mafundi wa injini wanakiita gavana, na ambacho abiria wa matatu Kenya wanakijua kwa namna kinavyokwepwa.

Pindua mota ukitazame. Ni mhimili mwembamba wenye vizito vitatu, kila kimoja kimeshikwa na ubapa mwembamba wa chuma. Mhimili ukishika kasi vizito vinatanuka nje, kama pindo la kanzu ya mtu anayejizungusha. Vikitanuka vinavuta kisahani cha shaba, nacho kinakwenda kugusa pedi ndogo ya ngozi au felti. Msuguano huo ndio breki ya wimbo mzima. Rula ile ya "polepole" na "haraka" iliyo juu ya sanduku inasogeza pedi hiyo tu.

Basi dalili zinajieleza zenyewe. Mwendo unakimbia na rula haisaidii: pedi imelika, imedondoka, au kisahani kimeganda kwenye mhimili hakitelezi. Kuna mlio mkali kama wa bawaba ya mlango: pedi imekauka, ipe tone la mafuta, subiri linywewe. Kuna mtetemo unaohisiwa kwenye mbao za sanduku: ubapa mmoja umekatika, vizito havina mizani. Ukikatika ubapa mmoja badilisha bapa zote tatu, kwa sababu mpya mmoja kati ya bapa mbili chovu utaleta kuyumba kulekule.

Kupima mwendo ni rahisi. Kata kijikaratasi, kiweke chini ya ukingo wa santuri kichomoze kidogo, piga wimbo, hesabu mara kinazopita kwa nusu dakika. Unataka 39. Hesabu huku sindano ikiwa juu ya santuri, si sahani ikiwa tupu, maana sindano yenyewe inavuta breki. Ipo pia karatasi ya duara yenye mistari, ya kuweka juu ya santuri: kwa umeme wa hezi 50 kama wetu, mistari 77 ikionekana imesimama chini ya taa, mwendo ni mizunguko 77.92, hiyo inatosha. Lakini itake taa ya balbu au tyubu ya zamani. Taa nyingi za LED hazipepesi kwa mpigo huo, utakaa unatazama ukungu tu na kuilaumu mashine. Na rekodi za kabla ya miaka ya 1920 hazikuishika 78 kwa uaminifu, kwa hiyo mwimbaji wa enzi hizo akisikika kama ana haraka, msogezee rula kwa sikio lako.

Wimbo ukilegea kabla ya kuisha, jiulize kwanza kama ulikaza. Mashine ya begi, yaani ile ya kubeba mkononi, yenye springi moja inatakiwa kukazwa kila upande wa santuri, na hiyo si kasoro. Ikiwa imekazwa kamili na bado inalegea, hasa penye ngoma na sauti kubwa, rudi kwenye mafuta yaliyoganda.

Kuyumba kunahitaji sikio. Piga wimbo wenye noti ndefu, udi au fidla, uhesabu. Sauti ikipanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko wa santuri, yaani karibu robo tatu ya sekunde, kosa si la mota: tundu la santuri haliko katikati, au santuri imepinda. Kuyumba kusikofuata mzunguko, kwa haraka na kwa kutetemeka, ni kwa gavana. Tofauti hii inamwokoa mtu kufungua mota nzima kwa kosa la santuri.

Koo: inakoroma, inapiga kelele, inanong'ona

Badilisha sindano. Sijauliza kama ya zamani bado inaonekana kali.

Nilimwonyesha Bi mmoja wa mtaani kwetu kwa lenzi ya kukuzia, maana alikuwa na sindano nane tu kwenye kijikopo cha bati na hakutaka kunisikia. "Hii nimeipiga mara mbili tu, baba," akasema. Sindano mpya ya chuma ina ncha ya mviringo, inang'aa. Yake ilikuwa imelika pande mbili, imekuwa patasi, na pembe za patasi hiyo zilikuwa zinakata kama wembe. Alitazama muda mrefu. Kisha akaifungua mwenyewe, akaitupa kwenye ndoo ya taka na kuniomba nimwagizie pakiti.

Sababu iko ndani ya santuri yenyewe. Shelaki ni utomvu wa mdudu wa India, ndugu wa ile lakiri ya kufungia bahasha za serikali, na humo ndani watengenezaji walisaga mawe wakachanganya na masizi na nyuzi za pamba. Ule unga wa mawe ulikuwa na kazi yake: kuinoa sindano kwenye mizunguko ya mwanzo ili ilingane na mfuo, yaani kijifereji inamopita. Baada ya hapo inaendelea kulika. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10, dakika tatu hivi, ni zaidi ya mita 100 za msasa chini ya ncha moja, na kichwa cha sauti kinaikandamiza kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, ilhali mashine ya kisasa inaweka gramu chache tu. Ndiyo maana kanuni tangu mwanzo ilikuwa upande mmoja, sindano moja. Walizouza zamani zilikuwa na majina ya laini, ya wastani na ya kelele, na tofauti ilikuwa unene: nene inapeleka mtikisiko mwingi zaidi. Zilikuwepo pia za mianzi na za miiba, zinazonolewa upya, na zinaihurumia santuri. Pini ya fundi nguo si mbadala, wala sindano ya cherehani; nauza zote mbili, na nakataa kuwauzia watu kwa kazi hiyo.

Sindano mpya, na bado inakoroma kwenye sauti za juu. Jaribu santuri nyingine. Ikikoroma kwenye santuri moja tu, penye mifuo iliyobadilika rangi kuwa ya kijivu, ugonjwa ni wa santuri na hauna dawa: sindano butu za miaka hiyo zimekwishakula kuta za mfuo. Ikikoroma zote, kaza kwanza skrubu ya kubana sindano. Kisha toa kichwa cha sauti, kile kiduara kilicho mwisho wa mkono, ukishike mkononi na kugusa kibano cha sindano kwa ukucha. Kizima kinajibu "tup", kama ngoma ndogo. Kibovu kinajibu kwa mkwaruzo.

Ndani ya kichwa hicho kuna kiwambo, kijisahani chembamba kinachotetemeka kutoa sauti: cha ulanga, yaani madini ya mika, kwenye mashine za zamani, cha alumini kwenye zilizofuata. Kiwambo kimekaa katikati ya pete mbili za mpira, na ni mpira huo unaokosa. Ulipokuwa mpya ulikuwa laini kama mrija wa vali ya baiskeli, na watu wengi wametumia mrija huohuo kuubadilisha. Baada ya miaka tisini ni mgumu, umepasuka, kiwambo kinagonga ukingoni badala ya kupumua. Fungua skrubu za nyuma kwa zamu, kidogo kidogo. Legeza kiskrubu cha katikati kinachounganisha kibano na kiwambo, baada ya kupasha nta yake kwa ncha ya sindano iliyotiwa moto. Chimba mpira wa zamani kwa kijiti cha mbao, si kwa bisibisi. Kata mrija mpya, ncha zikutane bila kupandana na bila kuacha pengo. Hapo ndipo subira inapohitajika, mimi hukata mara tatu nne kabla haijalingana. Rudisha kiwambo, kaza skrubu zote nusu nusu, malizia na tone la nta ya nyuki katikati, pande zote mbili. Ulanga ukiwa umeanza kuachana tabaka, wenye madoa meupe kama ukurutu, badilisha. Vile vidubwana vyenye ncha vinavyoshika kibano pembeni usiviguse bila sababu: vikibana mno sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua, vikilegea ndio mkwaruzo unarudi.

Mkwaruzo wa namna hii husikika zaidi kwenye santuri za kuanzia 1925, maikrofoni ilipoingia studio. Kabla ya hapo mwimbaji alipaza sauti ndani ya pembe. Baadaye zikaingia besi na nguvu ambazo kichwa kichovu hakizimudu. Santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 kwa HMV, yeye na wenzake waliovuka kutoka Unguja, ziko upande huo wa mpaka.

Tahadhari moja kabla hujashika koleo. Watengenezaji wengi wa miaka ya 1920 na 1930 walimimina migongo ya vichwa vya sauti, na mikono mingine, kwa aloi ya zinki iliyokuwa na uchafu ndani yake. Aloi hiyo inavimba na kupasuka yenyewe kadiri inavyozeeka. Ukiona nyufa nyembamba kama za sahani ya udongo, au skrubu haitaki kutoka bila nguvu, acha. Haichomelewi. Tafuta kichwa kingine chenye kipimo kile kile cha shingo.

Sauti ndogo, isiyokoroma, ni hewa inayovuja au njia iliyoziba. Shingo ya mpira nyuma ya kichwa cha sauti inakauka, kichwa kinalegea na kuinama. Kiungo cha mkono kikiwa kikavu, grisi kidogo inaziba upenyo na kulainisha mzunguko kwa pamoja. Na chungulia kwenye pembe kwa tochi. Moja niliyoletewa kutoka shamba ilinong'ona tu, nikabadilisha sindano, mpira na nta bure. Ndani ya bomba la pembe nyigu alikuwa amejenga vijumba vinne vya udongo, mikavu kama tofali. Toka siku ile tochi inatangulia.

Sindano inaruka au inarudia palepale? Tazama kama meza imelala sawa, kama mkono unazunguka bila kukwama, na kama sindano inasimama kwenye santuri kwa mwinamo wa karibu digrii 60. Ikisimama wima inachimba.

Santuri unazozipa

Usiweke sahani ya vinili juu ya mashine hii, si LP wala zile ndogo za mizunguko 45. Kichwa kizito na sindano ya chuma vitaichonga kama plau, mara moja tu inatosha. Ukiwa na shaka, gonga ukingo kwa kucha: shelaki inalia kama kigae, vinili inalia kama kifuniko cha ndoo.

Shelaki nayo haitaki spiriti. Wazoefu wa vinili wanasafisha kwa pombe ya dukani, na wakirudia hilo kwenye santuri ya 78 wanaiyeyusha uso. Maji ya uvuguvugu, sabuni tone, kitambaa laini, lebo ya karatasi isilowe, kisha ikaushwe kivulini. Kivulini nasisitiza, maana jua la saa nane kwenye baraza linaipinda kama chapati. Ziwekwe wima, si kwa kurundikana.

Na kama uliyonayo ni adimu, santuri ya taarabu ya miaka ya 1920 au ya lebo za Afrika Mashariki za baada ya vita, mfano Jambo ya Nairobi au Mzuri ya Mombasa, maoni yangu ni kwamba usiipige kwenye gramafoni hata kidogo. Itafutie mashine ya umeme yenye mkono mwepesi na ncha ya 78, ambayo ni pana kuliko ya LP karibu mara tatu, uirekodi mara moja. Gramafoni uipe zilizo nyingi sokoni. Kuna ndugu tumekosana kwa neno hili. Yeye anasema santuri isiyopigwa ni sahani ya ukutani. Sijabadili mawazo.

Zisizotibika

Ile yenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa, sanduku la mbao lenye kona nyingi na kibandiko cha mbwa wa HMV, inayouzwa kama ya mwaka 1910: mara nyingi imeunganishwa India miaka ya karibuni, mota imetoka kwenye begi bovu, pembe ni bati jembamba linalolia kama debe. Dalili ni skrubu mpya zisizolingana, mkono wa sauti ulio mfupi au mrefu kupita kiasi hata sindano haifiki sawa mwisho wa santuri, na kibandiko kilichopachikwa juu ya mbao isiyo na alama ya umri. Ikikoroma, itaendelea kukoroma. Ninaitia mafuta na kumrudishia mwenyewe bila kumtoza.

Kuitunza iliyopona

Tone la mafuta kila mwaka, grisi ya kopo baada ya miaka mingi. Ipige angalau mara moja kwa mwezi, hata upande mmoja, ili grisi isilale. Ukimaliza, achia breki sahani izunguke mpaka springi iishe. Isilale kabatini ikiwa imekazwa. Mkono wa sauti ufungwe kwenye klipu yake. Sindano itoke kabla ya kifuniko kufungwa: yangu ina mchaniko wa kidole kizima kwenye kitambaa cha ndani, niliuchana mwenyewe siku nilipokuwa nikiwahi boti ya saa tisa.